Namna ya Kuzuia Fosforasi ya Shambani Isiingie Mtoni: Mwongozo kwa Wakulima wa Bonde la Zigi

Maji yanayotoka bombani katika Jiji la Tanga huanza safari yake mbali na bahari, kwenye misitu ya Amani katika milima ya Usambara Mashariki. Mto Zigi hushuka kutoka huko, hupita kwenye mashamba ya chai, mdalasini, karafuu, pilipili manga na mahindi, hupokea maji ya Kihuhwi na vijito vingine, kisha hutulia katika lambo la Mabayani kabla ya kusafishwa na kusambazwa mjini. Mvua za masika zinapokolea mto hubadilika rangi ukawa mwekundu, na wengi wetu tumeizoea rangi hiyo tangu utotoni hata tukaona kuwa ndiyo hali ya mto wakati wa mvua. Wekundu ule ni udongo wa mashamba yetu, na ndani ya udongo huo imo fosforasi, ile ile tunayoinunua dukani kwa bei kubwa kila msimu.

Mwongozo huu unamlenga mkulima mwenye shamba kwenye mteremko au kando ya mto, na mfano wangu ni bonde la Zigi kwa sababu ndilo ninalolijua. Anayelima Lushoto, Korogwe au kandokando ya Mto Pangani atakuta mambo ni yale yale. Neno langu kuu nalitoa mapema ili hatua zinazofuata zieleweke: katika mashamba yetu ya milimani, sehemu kubwa ya fosforasi huondoka ikiwa imeshikamana na chembe za udongo. Kwa hiyo mkulima anayeupigania udongo wake usihame anaulinda mto kwa kazi ile ile, na hapotezi kitu kwa kufanya hivyo.

Kwanza, ifahamu fosforasi yenyewe

Fosforasi ni kirutubisho ambacho mmea hauwezi kuishi bila hicho. Mahindi yakiikosa hudumaa, na majani yake ya chini huingia rangi ya zambarau. Naitrojeni iliyozidi ardhini yaweza kupotea hewani ikiwa gesi, lakini fosforasi haina njia hiyo. Inachoweza kufanya ni kubaki udongoni, kuvunwa pamoja na mazao, au kusombwa na maji au upepo. Udongo wetu mwekundu wa Usambara umejaa madini ya chuma na alumini, nayo huikamata fosforasi kwa nguvu sana, kiasi kwamba shamba laweza kuwa na fosforasi nyingi kwa ujumla huku mmea ukilia njaa. Ukamataji huo ndio unaofanya chembe ndogo za udongo wa juu ziwe mzigo mzito wa fosforasi pindi zinapong'olewa na mvua. Maji yanayotiririka hubeba kwanza zile chembe laini kabisa na mabaki ya samadi, ambavyo ndivyo vyenye kirutubisho kingi, na kuacha mchanga nyuma.

Ndani ya maji hesabu hubadilika. Kiwango ambacho udongoni kingeitwa umaskini, ziwani kinakuwa utajiri wa kupindukia. Wataalamu wa maziwa huanza kuliita ziwa limerutubika kupita kiasi fosforasi yake yote inapozidi takriban mikrogramu 30 kwa lita moja. Sasa chukua kifuniko kimoja cha soda kilichojaa mbolea ya DAP, ile ya kupandia yenye naitrojeni na fosforasi, kile tunachopimia kila shimo la mahindi. Kinabeba takriban gramu 5 za mbolea, na ndani yake mna gramu 1 ya fosforasi halisi. Gramu hiyo moja ikichanganyika katika lita 33,000 za maji, yaani zaidi ya maboza matatu ya lita 10,000, inatosha kuyafikisha kwenye kiwango hicho.

Kinachofuata ni kuchanua kwa mwani na bakteria wa kijani-buluu. Mwaka 1973 mwanasayansi David Schindler na wenzake, huko Ontario nchini Kanada, walianza jaribio katika ziwa dogo lililopewa namba 226. Walilitenga mara mbili kwa pazia la plastiki, upande mmoja wakatia kaboni na naitrojeni, upande wa pili wakatia hivyo viwili pamoja na fosforasi. Upande uliopata fosforasi uligeuka kijani kibichi, na ule mwingine ukabaki na maji yake ya kawaida. Picha iliyopigwa kutoka angani ya ziwa lile lenye rangi mbili iliwasaidia watunga sera kukubali kwamba katika maji baridi fosforasi ndiyo ya kudhibitiwa kwanza. Mwani ukifa huzama na kuoza, na uozaji huo hula oksijeni ya maji ya chini mpaka samaki hukosa hewa. Huku kwetu Ziwa Victoria limepata mzigo wa namna hiyo kutoka mashambani, mijini na hata angani kwa vumbi na moshi, na gugu maji lililoonekana humo mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuta maji yenye chakula tele.

Hatua ya kwanza: tembea shambani mvua ikinyesha

Kazi hii haihitaji fedha, nayo ndiyo inayofundisha kuliko zote. Mvua kubwa ya kwanza au ya pili ya masika inapoanza, isipokuwa yenye radi, vaa mabuti na koti la mvua, chukua kijiti, na utembee kuanzia juu ya shamba hadi mtoni ukiyafuata maji. Tazama yanakoanza kukusanyika, yanakobadilika kutoka maji meupe kuwa mekundu, yanakokata mfereji, na mahali hasa yanapoingilia kijitoni. Mara nyingi utagundua kwamba shamba zima halitoi udongo kwa kiasi kimoja. Eneo dogo tu hutoa sehemu kubwa ya uchafu: njia ya miguu au ya bodaboda inayoshuka wima katikati ya mahindi, pembe ya banda la ng'ombe, kona ambako maji ya barabara ya kijiji yanaelekezwa kwako, au kitalu cha mboga kilichotifuliwa jana.

Ukirudi nyumbani, chora ramani ya shamba kwenye daftari kabla hujasahau. Tia mshale kila ulikoona maji yanakimbia, na duara kila palipo na fosforasi nyingi, yaani bandani, kwenye lundo la samadi, na katika bustani inayopewa mbolea mara kwa mara. Mshale unapokutana na duara, hapo ndipo pa kuanzia kazi. Nimeona wakulima wakitumia nguvu za msimu mzima kuchimba makinga maji upande wa shamba usio na tatizo, huku njia ya miguu ikiendelea kumimina tope mtoni, kwa sababu tu hawakutoka kuangalia mvua ikinyesha.

Hatua ya pili: pima kwa chupa

Chukua chupa tatu za plastiki zinazopitisha mwanga, za ukubwa mmoja. Wakati maji yanatiririka, kinga moja juu ya shamba lako, moja chini yake, na moja mahali mfereji unapomwagikia mtoni. Ziache zitulie usiku mmoja juu ya meza, kisha pima kwa rula unene wa tope lililojikusanya chini. Tofauti kati ya chupa ya kwanza na ya pili ndiyo sehemu iliyotoka kwako. Kipimo hiki hakikuonyeshi fosforasi iliyoyeyuka, ambayo macho hayaioni, kwa hiyo chupa safi isikufanye ujiamini kupita kiasi ikiwa shamba lako limepewa samadi nyingi kwa miaka mingi. Hata hivyo kwa mteremko wenye udongo mwekundu, unene wa tope ni dalili nzuri ya ukubwa wa hasara.

Hasara hiyo tuihesabu. Milimita 1 ya udongo ikiondoka kwenye hekta moja, yaani unene usiofika ule wa sarafu, ni mita za ujazo 10, sawa na tani 12 hivi. Udongo wenye gramu 500 za fosforasi kwa kila tani, kiwango kisicho cha ajabu, utakuwa umeondoka na kilo 6. Mahindi hubeba takriban kilo 3 za fosforasi katika kila tani ya punje, kwa hiyo milimita ile ina fosforasi ya magunia 20 ya kilo mia mia. Mfuko wa DAP wa kilo 50 una kilo 10 za fosforasi, hivyo milimita hiyo imebeba zaidi ya nusu mfuko.

Hatua ya tatu: pima udongo kabla ya kununua mbolea

Katika mkoa wetu tuna bahati ya kuwa na kituo cha utafiti cha Mlingano, wilayani Muheza, ambacho kwa miaka mingi ndicho kitovu cha utafiti wa udongo nchini. Chukua sampuli wiki kadhaa kabla ya kupanda ili majibu yakufikie kwa wakati. Tembea shambani kwa mwendo wa kupindapinda, na katika sehemu 15 hadi 20 ondoa majani ya juu, chimba hadi sentimita 20, kisha kata kipande chembamba cha udongo kutoka juu hadi chini. Usichukue mahali palipokuwa na lundo la samadi, kichuguu au kando ya njia. Changanya vipande vyote kwenye ndoo safi ya plastiki, gawa mara nne, toa robo mbili zinazotazamana, rudia hivyo mpaka ibaki nusu kilo, halafu kausha kivulini. Kamwe usitumie mfuko uliowahi kubebea mbolea, kwa sababu punje chache zilizobaki humo zitaharibu majibu yote. Bustani ya mboga iwe na sampuli yake, na shamba la mahindi liwe na yake.

Kwa udongo wenye tindikali kama wetu, maabara nyingi hutumia njia iitwayo Bray-1, na kwa kawaida jibu lililo chini ya miligramu 7 kwa kilo huhesabiwa kuwa la chini, kati ya 7 na 20 la wastani, na juu ya 20 la kutosha. Mashamba mengi ya mahindi na mihogo yatakuwa kwenye kundi la chini, na wenye mashamba hayo wasiogope kutumia mbolea ya fosforasi. Naomba hili lieleweke vizuri, maana si haki kumwambia mkulima anayevuna magunia matatu kwa ekari kwamba anachafua mto kwa kuzidisha mbolea. Tena shamba lenye njaa huota mazao machache, udongo hubaki wazi, na mmomonyoko huongezeka. Bustani za nyanya, kabichi na mchicha zilizopewa samadi ya kuku na NPK, yaani mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu, kila baada ya miezi mitatu ni jambo lingine. Huko jibu likionyesha kiwango cha kutosha, acha mbolea za fosforasi kwa msimu mmoja au miwili, tumia za naitrojeni peke yake, kisha pima tena.

Hatua ya nne: weka mbolea inakotakiwa na wakati unaotakiwa

Mahindi yakipandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mimea miwili kila shimo, ekari moja huwa na mashimo 9,000 hivi. Kifuniko kimoja cha soda cha DAP kwa kila shimo hufanya kilo 45, karibu mfuko mmoja kwa ekari, ambao ndio ushauri wa kawaida. Anayetumia kiganja badala ya kifuniko kwa urahisi atajikuta amemaliza mifuko miwili, na mfuko wa pili haukupandisha mavuno yake.

Mbolea ya kupandia iwe ndani ya shimo, ifunikwe kwa udongo kidogo, ndipo mbegu iwekwe juu yake au pembeni na kufukiwa. Fosforasi haitembei udongoni, kwa hiyo mzizi ndio unaoifuata, na hakuna faida ya kuitawanya juu ya ardhi. Punje zilizotawanywa juu ya mteremko siku moja kabla ya mvua kubwa zimetolewa zawadi kwa mto. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na ikitangazwa mvua kubwa kwa siku mbili zijazo, subiri. Mbolea ya kukuzia nayo isiwe NPK wala DAP. Mmea ukishafika magotini unahitaji naitrojeni, na fosforasi ikinyunyizwa wakati huo hubaki juu ya udongo ikisubiri kusombwa.

Wanaotumia mbolea ya Minjingu, itokanayo na mwamba wa fosfeti wa mkoani Manyara, wanafanya vyema katika udongo wenye tindikali, ambao ndio unaouyeyusha mwamba huo polepole. Lakini unga huo nao hubebwa na maji ukiachwa juu, hivyo uchanganywe na udongo.

Samadi inastahili uangalifu wa pekee. Mazao huhitaji naitrojeni nyingi kuliko fosforasi, mara kadhaa zaidi, ilhali katika samadi, hasa ya kuku, uwiano huo ni mdogo. Mkulima anayeongeza samadi mpaka naitrojeni itoshe, huwa amezidisha fosforasi bila kujua, na akifanya hivyo kwa miaka 10 udongo hushiba ukaanza kuachilia fosforasi iliyoyeyuka hata pasipo mmomonyoko. Weka samadi kwa kiasi kinachokidhi mahitaji ya fosforasi, na naitrojeni iliyopungua ijazie kwa mikunde au kwa mbolea ya kukuzia. Lundo lenyewe liwekwe mahali palipoinuka, mbali na mfereji wowote, lifunikwe kwa makuti au turubai, na lizungushiwe kingo cha udongo upande wa chini.

Hatua ya tano: uzuie udongo usihame

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Anza na kufunika ardhi, kwa sababu tone la mvua likiangukia jani halipati nguvu ya kung'oa chembe ya udongo. Acha mabua ya mahindi shambani badala ya kuyachoma, yapange kukatisha mteremko, na katikati ya mistari panda kunde, fiwi au viazi vitamu ili masika yakifika kilele ardhi iwe imefunikwa. Kuchoma shamba hubakiza majivu yenye fosforasi inayosombwa kirahisi, na mvua ya kwanza ndiyo inayoyapata.

Kisha tafuta kontua, yaani mstari ulio sawa kimo kukatisha mteremko. Kifaa chake unaweza kukitengeneza mwenyewe: funga miti miwili ya mita 2 hivi iwe na umbo la A, weka mti wa kati kama daraja, na kutoka kileleni ning'iniza kamba yenye jiwe, mfano wa timazi ya fundi mwashi. Ili ukisawazishe, kisimamishe juu ya vigingi viwili, weka alama pale kamba inapokatisha mti wa kati, kigeuze miguu ibadilishane vigingi, weka alama ya pili, na katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Tembeza kifaa hicho kukatisha shamba ukipigilia kigingi kila mguu unapotua kamba ikiwa katikati. Mstari wa pili utaupata hivi: mwenzako asimame kwenye mstari wa kwanza, wewe shuka mpaka macho yako yawe usawa wa nyayo zake. Kwa njia hiyo mistari hukaribiana yenyewe panapoinama sana na kuachana panapotulia.

Juu ya mistari hiyo panda majani yanayoshika udongo, kama majani ya tembo, ya Guatemala au vetiva, kwa safu mbili zilizokaribiana bila mianya. Mwanya mmoja tu hukusanya maji ya safu nzima, na yatapita hapo kwa kasi kuliko kabla hujapanda. Penye ng'ombe wa ndani chagua majani yanayolika, maana kila mzigo unaoukata unaondoa fosforasi iliyonaswa na kuirudisha bandani, na kutoka bandani inarudi shambani kwa njia ya samadi.

Mwenye nguvu kazi achimbe fanya juu, mbinu iliyokomaa Machakos nchini Kenya na ambayo jina lake la Kiswahili linatumika hata na wataalamu wa mataifa mengine. Unachimba mfereji kwenye kontua, wa upana na kina cha sentimita 60 hivi, na udongo unaurusha upande wa juu wa mfereji, ukiacha nafasi kidogo usirudi ndani. Kwa miaka kadhaa udongo unaoshuka unakwama kwenye tuta hilo, na shamba hujitengenezea ngazi taratibu. Fanya chini ni rahisi zaidi, kwa kuwa udongo unatupwa upande wa bonde, lakini ngazi yake huchelewa na tuta hubomoka haraka lisipopandwa majani. Panapoinama sana na udongo ni wa kuteleza, usichimbe mifereji ya kutuamisha maji, kwa sababu mlima uliolowa waweza kuporomoka wote. Mahali hapo pawe pa miti na viungo. Shamba la mdalasini, karafuu na pilipili manga chini ya kivuli, lililojaa majani makavu ardhini, hutoa tope kidogo mno ukilinganisha na shamba la mahindi la jirani yake, na huko Amani yeyote anaweza kuliona hilo kwa macho.

Najua neno matuta lina historia yake Usambara. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wasambaa wa Mlalo na kwingineko kuchimba matuta kwa amri na faini, wanawake wakibeba sehemu kubwa ya mzigo ule, na watu walikataa mpaka mpango ukaachwa. Kosa lilikuwa la kulazimisha na kutosikiliza, na udongo haukuwa na hatia. Kwa hiyo tukianza leo, tuanze na yule aliye tayari, kwenye ile kona iliyotiwa mshale na duara katika ramani yake, na wengine waje kutazama mvua inapofika.

Hatua ya sita: uache ukingo wa mto

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia ndani ya mita 60 za ukingo wa mto shughuli za kudumu au zinazoweza kuathiri uhifadhi wake. Mita 60 ni hatua 80 hivi za mtu mzima. Pima kutoka ukingo wa maji ya masika, wala si ya kiangazi. Mwenye kipande kinachoangukia karibu chote ndani ya eneo hilo asisubiri kufukuzwa, bali azungumze mapema na serikali ya kijiji na ofisi ya bonde la maji kuhusu matumizi yanayokubalika, na kwa vyovyote vile aondoe jembe na mbolea kwanza.

Ukanda huo uwe na majani mazito upande wa shamba, na miti ya asili kama mikuyu upande wa maji, ambayo mizizi yake hushika kingo. Mikaratusi isipandwe hapo. Kazi ya majani ni kupunguza mwendo wa maji ili tope litue, na hufanikiwa tu maji yakipita yametandaa. Yakifika yamekusanyika ndani ya mfereji, yatapenya ukandani kama njia ya panya na ukanda hautakuwa na faida yoyote, ndiyo maana hatua ya tano hutangulia ya sita. Fosforasi iliyoyeyuka nayo hupita katika majani bila kunaswa sana, na dawa yake ni ile hatua ya tatu na ya nne.

Mifugo isinyweshwe kwa kuingizwa mtoni. Vuta maji kwa mpira au ndoo hadi kwenye hori lililo mbali na ukingo. Vivyo hivyo kufulia kufanyike juu, na maji ya sabuni yamwagwe kwenye migomba.

Hatua ya saba: utazame mto na lambo kila wiki

Wakati wa kiangazi, maji yakiwa yametulia na jua ni kali, ndipo kuchanua hutokea. Ukiona utando wa kijani juu ya maji, chovya kijiti. Ukinyanyuka nacho kama nyuzi au nywele, huo ni mwani wa kawaida. Ukionekana kama rangi ya ukutani iliyomwagika, na kijiti kikatoka kimepakwa kijani bila nyuzi, chukulia kuwa ni bakteria wa kijani-buluu, ambao baadhi yao hutoa sumu inayodhuru ini. Usiwaruhusu watoto kuoga humo wala mifugo kunywa, na toa taarifa kwa mamlaka ya maji na ofisi ya kijiji siku hiyo hiyo. Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo, bali maji yakipungua kwa mvuke sumu huzidi kukolea. Agosti 2014, katika mji wa Toledo nchini Marekani, watu wapatao laki nne au zaidi walikatazwa kunywa maji ya bomba kwa siku kama tatu kwa sababu hiyo hiyo, na fosforasi ya mashamba yanayomwaga maji yake katika Ziwa Erie ndiyo iliyolisha bakteria hao.

Usitarajie mabadiliko ya haraka. Tope lililokwisha kutua chini ya lambo lolote hushikilia fosforasi yake, na maji ya chini yakikosa oksijeni chuma kilichoishika huiachilia tena, hivyo lambo laweza kuendelea kujilisha kwa miaka mingi baada ya mashamba kutengemaa. Badala ya kungoja rangi ya Mabayani ibadilike, pima shamba lako. Kabla ya masika, pigilia vigingi 10 vya chuma au mti mgumu kwenye sehemu mbalimbali za mteremko, na uweke alama ya rangi pale kila kimoja kinapokutana na ardhi. Mwezi wa sita, mvua zikikatika, pima umbali kati ya alama na ardhi kwenye kila kigingi, andika daftarini pamoja na tarehe na unene wa tope la zile chupa tatu. Ilinde ile sehemu ambayo alama imebaki juu zaidi kuliko zote kabla vuli haijaanza mwezi wa kumi.